Shimo la Nguzo ya Kwanza

Baba yangu ni mfumaji wa kiwanda cha nguo. Ukimuuliza kazi yake leo hii, atakujibu hivyo bila kupepesa macho, na kama wewe ni mgeni utaamini kwamba ametoka zamu sasa hivi. Kiwanda chenyewe kilifungwa nikiwa bado nacheza rede. Sasa nina mtoto anayenyoa ndevu.

Siku kilipokabidhiwa kwa mwekezaji naikumbuka vizuri, maana tulitolewa darasani kwenda kuimba. Mgeni rasmi alisema serikali haiwezi kuendesha nchi na kuuza vitenge kwa wakati mmoja. Kiwanda kikiwa mikononi mwa mtu binafsi kitazaa, alisema, na kikizaa taifa zima litashiba. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka, kisha tukagawiwa soda. Mimi siyo mchumi na sijui nani alikosea hesabu. Ninachojua ni kwamba mwekezaji alikaa, akaondoka. Akaja mwingine, akapimapima, naye akaondoka. Wafanyakazi waliambiwa warudi majumbani wasubiri, wataitwa.

Wenzake Baba walisubiri kwa kiasi cha binadamu wa kawaida. Mmoja akaenda kuvua, mwingine akafungua duka la vipuri vya baiskeli, wengi wakarudi kwao kulima. Baba akasubiri. Tulikuwa tumepanga nyumba nyuma ya ukuta wa kiwanda na hakutaka kuhama hata mtaa wa pili, kwa sababu watakaokuja kuita wataanza na walio karibu. Ndivyo alivyokuwa anasemaga.

Simsemi vibaya, hakukaa bure. Mimi nashona sare za shule, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa vyerehani vyangu na vya mafundi wengine wa mtaa. Kibarazani kwangu palikuwa na meza yake, kopo lake la mafuta na redio yake. Lakini aliyetubeba ni Mama. Alikuwa anachukua dagaa Murangi, anapeleka mnadani Bunda na kwa ndugu zake wa Mugeta, ambao ni wakulima wa pamba. Alizunguka na magunia yale mpaka magoti yakaanza kumsema. Hakulalamika. Mama yangu halalamiki. Ananyamaza, na kunyamaza kwake kunaumiza kuliko matusi.

Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, nalo ni nyumba Butiama, nyumbani kwa mumewe. Aliolewa kutoka Mugeta akiwa binti, akapelekwa moja kwa moja Musoma kwenye vyumba vya kupanga, na huko ndiko uzee ulikomkuta. Kila tulipokwenda Butiama kwenye msiba au harusi, alilala kwa wake wa shemeji zake. Wanamheshimu, wanampa kitanda kizuri, wanamchemshia maji ya kuoga. Ila asubuhi utamkuta anakunja shuka haraka haraka kabla mwenye nyumba hajaamka, na mimi binti yake nilikuwa nikiliona hilo roho inaniuma.

Utasema basi, watoto si mmjengee? Pesa tulikuwa nayo, mimi na mdogo wangu wa kiume. Bati tulishanunua, tumelihifadhi kwa baba mdogo. Tatizo ni kwamba kwetu mwanamke hajengewi na watoto mume akiwa hai. Watoto watatoa kila kitu, lakini shimo la nguzo ya kwanza lazima mume alichimbe kwa mkono wake, mke akiwa amesimama hapo anatazama. Siku hizi nyumba ni za tofali na hazina nguzo, lakini shimo linachimbwa vilevile, kinasimikwa kijiti, ndipo fundi anaruhusiwa kuanza msingi. Na mke akilichimba mwenyewe, maana yake ni moja tu. Anayejichimbia ni mjane.

Baba hakuwa anakataa. Laiti angekataa, tungegombana tukamaliza. Alikuwa anasema ndiyo, nitachimba, ngoja kwanza kieleweke kiwandani, maana mtu akishachimba shimo lazima akae pale, na wakija kuniita nikiwa Butiama nafasi yangu atapewa nani? Masika yakapita, vuli ikapita. Bati likaanza kupata madoa ya kutu.

Kisingizio chake kingine kilikuwa kazi ya mdogo wangu, kwamba nyumba yake haitajengwa kwa pesa ya kamari. Huyu kijana anafanya kazi Bunda, kwenye ofisi ya kubeti karibu na stendi. Anakaa dirishani nyuma ya nondo, anawakatia watu mikeka. Mkeka, kwa wasiojua, ni ile karatasi yenye timu ulizotabiri zishinde. Timu moja ikikuangusha, mkeka wote umechanika. Pembeni zimepangwa zile mashine za kutumbukiza sarafu zinazoimba usiku na mchana, watu wanaziita dubwi. Kazi ni halali, ina leseni, ina mshahara, na pikipiki yake aliinunua kwa mshahara huo. Baba aliapa hatapanda pikipiki ya kamari, na hakuwahi kuipanda, hata siku ile aliyoteguka mguu. Alichechemea hadi hospitali na mtoto wa watu anamfuata nyuma taratibu na pikipiki yake, anambembeleza. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, halafu nikajisikia vibaya.

Sisi watu wa Butiama, kijiji cha mwasisi wa taifa, tuna ugonjwa wetu. Ukitaja mali ya umma ni kama umetaja marehemu wa nyumbani, kila mtu anakaa vizuri. Kwa hiyo mdogo wangu akija wikiendi, na redioni wakitangaza habari za kodi ya michezo ya kubahatisha, moto unawaka kibarazani. Kijana anasema kila mkeka unaacha chochote serikalini, kwamba dawa za zahanati na lami anazosifia Baba hazitoki mbinguni, na kwamba ofisi yao imeajiri vijana ambao bila hivyo wangekuwa vijiweni. Baba anasema kiwanda nacho kililipa kodi, na juu ya kodi kililipa mishahara, na juu ya mishahara kilinunua pamba ya wajomba zako, wewe mtoto, pamba ambayo leo inapakiwa kwenye malori inapita inakwenda kusikojulikana, halafu dada yako analetewa kitambaa kutoka Uchina ashonee watoto sare. Basi nikishaguswa mimi na kitambaa changu, naongeza mwendo wa cherehani ili nisiwasikie. Wote walikuwa na haki na wote walikuwa wananichosha.

Jumapili moja baada ya kanisa wakaanza tena. Mama alikuwa pembeni anachambua choroko kwenye ungo. Baba akafikia pale anapopapenda, kwamba haijawahi kutokea aibu kama hii, mtu mzima na akili zake anakaa kwenye benchi anangoja watu wa Ulaya wapige mpira ili yeye ale. Mama akasema bila kuinua kichwa:

"Na wewe si unabeti?"

Baba akauliza nani, yeye?

"Hao watoto wakiliwa, jioni wanajua wameliwa, wanaenda kulala. Wewe mkeka wako hauchanikagi. Ndiyo maana miaka yote hii tumekaa kwenye benchi, mimi na wewe."

Redio ikawa inaongea peke yake. Mdogo wangu akajifanya anafuta pikipiki. Baba akavaa kofia, akatoka. Nilimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia Mama, kwamba jambo hilo angemwambia chumbani. Halafu nikafikiri: chumbani ameshamwambia mara ngapi?

Haukupita muda, habari zikasambaa mtaani kwamba kuna wageni wanakuja kukitazama kiwanda. Habari hizi huja kama mafua, kila msimu. Na kila zinapokuja, Baba hutoa koti lake la kaki la kazini, Mama hulifua, Baba hulipiga pasi mwenyewe kwa sababu haamini pasi ya mtu mwingine, kisha hupaka viatu rangi. Wazee waliobaki hukusanyika getini, wanasimama kwenye mstari kama zamani. Mara nyingine wageni hawatokei. Mara nyingine gari linapita ndani, linatoka, vioo vimepandishwa.

Safari hii Mama alilifua koti vilevile, akalianika, akaliondoa jua lilipolitosha. Asubuhi ya siku ya wageni, Baba akiwa anafunga vifungo, Mama akaja kibarazani kwangu akaniambia nimsindikize Butiama. Nikadhani anaikimbia ile picha ya mstari getini, nikafunika vyerehani. Kilichokuwa kimefungwa kwenye khanga yake kuukuu nilikigundua stendi tu, tulipokuwa tunaingia kwenye gari na mpini ukanigonga bega. Lilikuwa jembe.

Nikamuuliza tunakwenda kupalilia nini msimu huu. Akasema twende tu.

Tulishuka Butiama jua halijawa kali. Kwa baba mdogo, yaani mdogo wake Baba, tulikaribishwa uji. Mama aliwasalimia wote, akauliza hali ya ng'ombe na hali ya wagonjwa kama inavyotakiwa, kisha akaomba radhi, akasema uji atakunywa baadaye. Akapita nyuma ya boma, akavuka ule uzio wa minyaa, akaingia kwenye kiwanja cha Baba. Kiwanja kile kilikuwa na majani tu na mbuzi wawili wa jirani waliofungwa kamba. Akasimama katikati, akatazama mlima uko wapi na njia iko wapi, kama mtu anayejua mlango wake utaelekea wapi. Akatemea viganja mate. Akachimba.

Wake wa baba wadogo walikuja mbio, kisha wakasimama mbali, mikono mdomoni. Baba mdogo alifika na kikombe chake cha uji mkononi, akatazama, akakiweka chini. Hakuna aliyethubutu kumshika, kwa sababu ungemshika ungemwambia nini? Mwishowe akaja shangazi, dada mkubwa wa Baba, anatembea kwa fimbo. Alilitazama shimo, akasogea karibu na Mama, akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa kaka yake amefariki lini, na kama tayari tunaruhusiwa kulia.

"Sijasema amefariki, wifi," Mama akajibu. "Nimesema sina nyumba."

Akaendelea. Ardhi ilikuwa kavu, jembe linaruka. Nikataka nimpokee, akanikatalia kwa kiwiko. Hapo ndipo nilipoona kwamba analia, machozi yanashuka tu na uso wake umetulia. Nikamwambia Mama, basi, pumzika. Akaniambia:

"Mwanangu, mimi sitaki jumba. Siku nikifa, nitalazwa sebuleni kwa nani? Nitasubiri kuzikwa kwenye kiti cha watu?"

Nikatoka pembeni nikampigia Baba. Nilisikia kelele za watu getini. Nikamwambia, Baba, Mama anachimba. Akauliza anachimba nini. Kabla sijajibu nikasikia pumzi yake ikibadilika. Akakata simu.

Ya getini alinisimulia mdogo wangu baadaye, maana alikuwa amemsindikiza mzee. Anasema simu ilipoita, magari ya wageni yalikuwa yameshaonekana kwenye kona na mlinzi alikuwa anahangaika na kufuli. Wazee walikuwa wanajisogeza kwenye mstari, wananyoosha makoti. Baba alirudisha simu mfukoni, akayatazama yale magari yanavyokuja, akalitazama geti. Halafu akamgeukia kijana, akamuuliza kama pikipiki ina mafuta. Mdogo wangu anasema alidhani amesikia vibaya. Wakapishana na wageni palepale kwenye kona, vumbi la magari likawafunika wote wawili.

Alifika Butiama koti lake la kaki limekuwa jekundu, nywele na nyusi zote vumbi. Watu walimpisha. Shangazi alimgusa mkono kidogo, nadhani alikuwa anahakikisha. Baba hakusalimia mtu. Alikwenda hadi kwenye shimo la Mama, ambalo lilikuwa limefika kama usawa wa goti, akalitazama. Kisha akaanza kurudishia udongo kwa mguu, kwa kile kiatu kilichopakwa rangi asubuhi, taratibu, mpaka likajaa. Akalikanyaga likakaza.

"Mimi sijafa," akasema.

"Mimi sijui," Mama akamjibu.

Akamnyooshea mkono ampe jembe. Mama hakulitoa. Alilishika mpini kwa mikono yote miwili na kumtazama usoni, akamuuliza kama atachimba halafu jioni arudi Musoma akasimame getini, kwa sababu kama ni hivyo, heri amwache amalize lake la ujane. Aliyasema bila ukali wowote. Baba alivua koti, akalitundika kwenye minyaa, akarudi, akaushika mpini juu ya mikono ya Mama. Walikaa hivyo. Ndugu zangu, nilitazama pembeni, kuna mambo ya wazazi ambayo mtoto hapaswi kuyakodolea. Nilipogeuka, jembe lilikuwa kwa Baba.

Akasogea hatua chache kutoka pale alipopafukia, akaanza upya. Uchimbaji wenyewe ulikuwa aibu. Mtu aliyezoea nyuzi hajui jembe. Alikuwa anapiga kando, udongo unamrukia usoni, baba mdogo hajui acheke au asaidie. Alipotaka kusaidia, shangazi alimwekea fimbo kifuani. Mama alisimama mahali pake anapotakiwa kusimama, amefunga khanga vizuri, anatazama.

Simu ikaita. Ilikuwa ya Baba, iko kwenye mfuko wa koti pale kwenye minyaa, nikaenda kuipokea. Alikuwa mwenzake wa zamu, mzee aliyebaki kwenye mstari, anaongea huku anahema. Wageni wameingia, akaniambia. Wameshuka kwenye magari, wametembea ndani, sasa wanauliza nani anazijua mashine za kufumia na wanawaandika. Baba yako yuko wapi? Mwambie arudi sasa hivi, nimewaomba wangoje. Safari hii ni kweli.

Ningeweza kusema ni mtu amekosea namba. Nilifikiria kusema hivyo, nakiri. Lakini wote walikuwa wananitazama, na Baba amesimamisha jembe. Nikayarudia maneno yale kama yalivyo, mpaka na lile la safari hii ni kweli.

Mdogo wangu alikuwa ameshika funguo za pikipiki, akazificha kiganjani. Mama hakumtazama Baba. Aliangalia chini, kwenye udongo, vidole vyake vya miguu vimejikunja ndani ya kandambili. Baba aliegemea mpini. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akatazama upande wa barabara ya Musoma kwa muda mrefu, na mimi katika maisha yangu sijawahi kutaka kitu kwa baba yangu kama nilivyotaka wakati ule.

"Mwambie nimehama," akasema.

Nikamwambia yule mzee. Akacheka, akidhani ni utani, akauliza amehamia wapi tena. Nilipomwambia Butiama, akasema haya, asalimiwe, akakata.

Mama alisogea hadi ukingoni, akainama na magoti yake mabovu, akatazama ndani. Akasema bado ni fupi, aongeze. Baba akatemea viganja mate, akaongeza.